Tochi Nyumbani na Kazini: Matumizi Sahihi Yanavyolinda Maisha na Mali Wilayani Rungwe

Na Mwandishi Wetu, Tukuyu

Wilaya ya Rungwe ni miongoni mwa maeneo ya Tanzania yanayopata mvua nyingi zaidi. Mji wa Tukuyu na vijiji vinavyouzunguka hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Mvua hizo ndizo zinazostawisha chai, migomba, viazi na parachichi, lakini pia huleta ukungu mzito, njia zenye utelezi na miti inayoangukia nyaya za umeme. Katika mazingira hayo tochi, ambayo baadhi ya watu huiita kurunzi, ni chombo cha kazi na cha usalama ambacho kila kaya inapaswa kukifahamu vizuri.

Hali ya kijiografia nayo ina nafasi yake. Kwa kuwa Rungwe iko upande wa magharibi ya nchi, mwezi Juni na Julai jua huchomoza takriban saa 1:00 asubuhi. Mfugaji anayekamua ng'ombe saa 11:00 alfajiri na mwanafunzi anayeanza safari ya shule saa 12:00 asubuhi wote huwa gizani. Jioni, jua huzama kati ya saa 12:30 na saa 1:15 kutegemea majira, na giza huingia haraka baada ya hapo.

Makala haya yanaeleza matumizi ya tochi katika shughuli za kila siku, namna ya kuchagua iliyo bora, na tahadhari ambazo mwananchi anapaswa kuzizingatia.

Kutoka kibatari hadi tochi

Kwa miaka mingi kaya za vijijini zilitegemea kibatari, chemli na karabai. Mwaka wa fedha 2011/12 Serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kudhibiti uchakachuaji wa mafuta ya magari, na kipindi hicho hicho tochi na taa za LED za bei nafuu zilikuwa zikienea madukani. Kaya nyingi zikaanza kuachana na utambi.

Mabadiliko hayo yana faida kubwa kwa afya na usalama. Kibatari cha kawaida hutoa mwanga hafifu, takriban lumeni 10 tu, huku moshi wake ukidhuru mapafu na macho. Aidha, kibatari kikianguka kinaweza kuteketeza nyumba kwa muda mfupi, na mtoto akinywa mafuta ya taa yaliyohifadhiwa kwenye chupa ya soda anaweza kupoteza maisha. Tochi ndogo hutoa mwanga mara kadhaa ya huo bila moto wala moshi.

Umeme nao umesogea. Kupitia Wakala wa Nishati Vijijini (REA), mtandao wa umeme umefikishwa katika vijiji 12,318 vya Tanzania Bara, na kazi inaendelea katika vitongoji. Hata hivyo, kufika kwa umeme hakuondoi haja ya tochi. Umeme unaweza kukatika usiku wa mvua, uniti za LUKU zinaweza kuisha saa nane za usiku, na njia ya kwenda chooni, zizini au kisimani mara nyingi haina taa.

Matumizi nyumbani

Matumizi ya kwanza ni kutembea kwa usalama. Anayetoka nje usiku anashauriwa kumulika ardhi hatua chache mbele yake, ili aone nyoka, shimo au jiwe lenye utelezi kabla ya kulikanyaga. Mgonjwa, mzee na mama mjamzito wawekewe tochi karibu na kitanda, mahali wanapoweza kuipapasa na kuipata.

Matumizi ya pili ni ukaguzi wa nyumba. Paa linalovuja huonekana kwa urahisi kwa kumulika upande wa ndani wa bati wakati mvua inanyesha, kwa kuwa matone kwenye mbao na kuzunguka matundu ya misumari hung'aa. Ghala la mahindi au maharage likaguliwe pembeni na chini ya magunia, ambako unga unga wa wadudu na kinyesi cha panya huonekana kwanza. Kitu kidogo kilichoanguka, kama sindano au kidonge, hutafutwa kwa kulaza tochi sakafuni ili mwanga uende sambamba na sakafu. Kitu hicho hutupa kivuli kirefu na huonekana mara moja.

Umeme ukikatika, tochi itumike kuangalia swichi kuu na kusoma namba kwenye mita ya LUKU. Mwananchi asifungue mita wala asiguse nyaya. Akiona waya umeanguka chini, akae mbali kwa angalau mita 10, awazuie wengine kukaribia, kisha atoe taarifa TANESCO. Waya ulioanguka uchukuliwe kuwa una umeme hata kama kitongoji kizima kiko gizani.

Matumizi shambani na zizini

Ufugaji wa ng'ombe wa maziwa ni shughuli kubwa Rungwe, na maziwa hukamuliwa alfajiri na jioni. Tochi ya kichwani humfaa zaidi mkamuaji kwa sababu humwachia mikono yote miwili. Kabla ya kuanza, matone ya kwanza ya kila chuchu yakamuliwe kwenye kikombe chenye rangi nyeusi na kumulikwa. Mabonge, usaha au damu ni dalili za ugonjwa wa kiwele, na maziwa hayo hayapaswi kuchanganywa na mengine. Mfugaji anayegundua dalili hizo mapema huokoa maziwa yake na huepuka kukataliwa katika kituo cha kukusanyia.

Ng'ombe anayezaa usiku anahitaji kuangaliwa kwa utulivu. Mwanga uelekezwe ukutani au sakafuni badala ya machoni pake, ili asishtuke. Kuingia zizini na kibatari, mahali penye nyasi kavu na matandiko, ni hatari inayoweza kuteketeza mifugo na nyumba kwa pamoja.

Mfugaji wa kuku anaweza kutumia tochi kupima mayai yanayoatamiwa. Ndani ya chumba chenye giza, yai huwekwa juu ya tundu dogo lililokatwa kwenye boksi gumu, na tochi humulika kutoka chini. Siku ya saba, yai lenye kifaranga huonesha mishipa myembamba ya damu. Yai linalobaki angavu bila mishipa halina mbegu, na linaweza kuondolewa ili lisiharibike chini ya kuku.

Katika zao la chai, majani mabichi huanza kupoteza ubora muda mfupi baada ya kuchumwa. Gari likichelewa kwa sababu ya barabara mbovu, kupima na kupakia hufanyika giza likiwa limeingia. Mwanga wa kutosha katika kituo cha kupimia humwezesha mkulima kusoma mzani mwenyewe na kuhakikisha kilo zilizoandikwa kwenye stakabadhi ndizo alizoleta.

Matumizi kwa mafundi na watumishi

Fundi ujenzi hutumia tochi kukagua lipu na vigae. Akiiweka karibu na ukuta na kumulika kwa mshazari, kila bonde na nundu huonekana kabla ya rangi kupakwa. Fundi magari huitumia kutafuta uvujaji wa mafuta na maji, na fundi bomba hukagua chini ya sinki na ndani ya chemba.

Katika zahanati na vituo vya afya, mtoa huduma hutumia tochi ndogo kuangalia koo na mboni za macho. Kwa mama anayejifungua usiku, tochi ya kichwani iliyojaa chaji ni akiba muhimu endapo umeme utakatika. Mlinzi wa usiku naye anashauriwa kuzima tochi anaposimama na kuiwasha anapohitaji kutambua kitu. Jicho la binadamu huhitaji takriban dakika 20 hadi 30 kuzoea giza kikamilifu, na mwanga mkali wa ghafla huliondolea uwezo huo.

Usalama barabarani

Barabara ya Uyole–Tukuyu–Kasumulu huunganisha Mbeya na mpaka wa Malawi, na hutumiwa na malori, mabasi, bodaboda na watembea kwa miguu. Sehemu zake za miinuko hufunikwa na ukungu. Kwa kuwa magari hupita kushoto, mtembea kwa miguu pasipo na njia ya waenda kwa miguu atembee upande wa kulia ili ayaone magari yanayomjia. Tochi imulike chini. Kumulika usoni mwa dereva humpofusha kwa sekunde kadhaa, naye anaweza kumgonga mtu aliyekuwa akijaribu kujilinda.

Gari likiharibika usiku, dereva awashe taa za dharura, aweke pembetatu za tahadhari kwa umbali wa kutosha, na abiria wakae nje ya barabara. Kwa wageni wanaopanda Mlima Rungwe au kwenda Ziwa Ngozi, kila mtu abebe tochi yake hata kama safari inatarajiwa kumalizika mchana. Ishara ya kuomba msaada inayotambulika kimataifa milimani ni kumulika mara 6 ndani ya dakika moja, kunyamaza dakika moja, kisha kurudia.

Mahali ambapo tochi haitoshi

Tochi ya kawaida haikuundwa kwa ajili ya mahali penye mvuke wa mafuta au gesi. Swichi yake inaweza kutoa cheche. Tahadhari hii ina uzito zaidi wakati huu ambapo Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia umelenga asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati hiyo ifikapo mwaka 2034, na mitungi ya gesi inazidi kuingia majumbani.

Mwananchi akisikia harufu ya gesi, asiwashe wala kuzima swichi yoyote ndani ya nyumba, ikiwemo ya tochi. Afungue milango na madirisha, afunge valvu ya mtungi kama anaweza kuifikia kwa usalama, atoke nje na watu wote, kisha apige simu ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji namba 114. Uvujaji kwenye mpira au kiungio hupimwa kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti.

Vivyo hivyo, lori la mafuta likipinduka, wananchi wasilikaribie kwa sababu yoyote. Ajali ya Msamvu, Morogoro, ya tarehe 10 Agosti, 2019 iligharimu maisha ya zaidi ya watu 100, wengi wao wakiwa wamekusanyika kuchota mafuta.

Namna ya kuchagua na kutunza tochi

Bei ndogo si lazima iwe nafuu. Watafiti waliowafuatilia watumiaji 46 wa tochi za LED nchini Kenya walieleza katika ripoti ya mwaka 2010 kwamba karibu asilimia 90 yao walipata hitilafu ndani ya miezi sita. Mnunuzi aiwashe tochi dukani, aitikise taratibu kuona kama mwanga unakatika, akague swichi na mfuniko wa betri, aangalie alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS) panapohusika, na adai risiti.

Kwa ndani ya nyumba, lumeni 20 hadi 50 zinatosha. Kwa njia ya shambani, lumeni 100 hadi 200 zinafaa. Kwa mvua za Rungwe, alama ya IPX4 humaanisha tochi inahimili maji yanayorushwa kutoka pande zote, na IP67 humaanisha inazuia vumbi na inaweza kuzama mita 1 kwa dakika 30.

Tochi nyingi za kuchaji za bei nafuu hutumia betri ya risasi na asidi. Betri ya aina hiyo hufa mapema ikiachwa bila chaji, hivyo ichajiwe mara tu baada ya kutumika. Kwa betri kavu, mpya zisichanganywe na za zamani, na zitolewe kama tochi haitatumika kwa wiki kadhaa, kwa sababu huvuja na kuozesha vyuma vya ndani. Betri ya lithiamu iliyovimba au kubonyea isichajiwe tena.

Watoto na betri zilizokwisha

Betri ndogo za duara, zinazopatikana kwenye tochi za ufunguo na vitu vya kuchezea, ni hatari kubwa kwa mtoto. Akiimeza na ikakwama kooni, inaweza kuunguza umio ndani ya saa 2. Mzazi asimtapishe. Ampeleke mara moja katika kituo cha afya na aeleze kilichomezwa.

Betri zilizokwisha zisitupwe shambani, mtoni, chooni wala motoni. Baadhi ya watu huzivunja ili kutumia mkaa wake kupakia ubao, na watoto huuchezea. Mazoea hayo yakomeshwe, kwa kuwa betri hubeba kemikali na metali zinazodhuru mwili, udongo na maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni zake za mwaka 2021 kuhusu taka hatarishi na taka za kielektroniki zinataka taka za aina hii zitenganishwe na taka nyingine. Kaya zikusanye betri kwenye chombo kikavu chenye mfuniko, mbali na watoto, na kuuliza ofisi ya mazingira ya halmashauri kuhusu utaratibu wa kuzikabidhi.

Wananchi wa Rungwe wanashauriwa kuanza na hatua tatu kabla ya msimu wa mvua ujao: kuwa na angalau tochi moja inayofanya kazi, iwekwe mahali pamoja panapojulikana na kila mwanakaya, kuijaribu kila wiki, na kuwafundisha watoto kuitumia bila kucheza na betri zake. Kwa dharura ya moto au uokoaji, piga 114, na kwa msaada wa Polisi, piga 112.