Dereva Ni Mbebaji wa Mwisho

Mwezi huu tuzungumze habari ya safari za hospitali, maana familia nyingi hapa kambini zimewahi kukaa kando ya barabara na mgonjwa, macho yote njiani, gari halitokei.

Wengi wetu tunaukumbuka mwambao wa Rumonge. Januari 2018, vita vilipochacha kule Fizi, maelfu walivuka Ziwa Tanganyika kwa mitumbwi wakaingia Burundi. Huko mwambaoni mtu anajifunza jambo moja. Juu ya mji, milima ya Burambi na Buyengero, gari halifiki kila mahali. Mtu akizidiwa, majirani wanamlaza kwenye ingobyi, ile machela ya mabegani, wanashuka naye wakipokezana mpaka barabarani. Na ingobyi ni jina pia la mbeleko ya mtoto. Kumbe mgonjwa anabebwa kama mtoto wa wote!

Lakini kutoka Rumonge mpaka hospitali kubwa za Bujumbura ni kama kilomita 70. Mabega hayafiki huko. Hapo ndipo anahitajika mwenye gari na mwenye moyo, wa kumpeleka mgonjwa siku aliyopangiwa na daktari, bila kudai nauli.

Sasa sisi tukisikia "amejitolea", tunamwachia kila kitu. Siyo hivyo. Anatoa gari na siku yake, lakini esansi anainunua kama watu wote. Kati ya 2022 na 2025 ilikosekana Burundi mara nyingi, magari yakalala kwenye foleni.

Hata sisi tumewahi kukosea. Dereva alikuja alfajiri kumchukua mama mjamzito wa kupimwa presha. Tukaanza kutafuta kadi, mara karatasi ya kutoka kambini, mara nani amsindikize. Saa nzima ikapita. Mzee aliyekuwa anangojwa mbele akakosa zamu yake, akaambiwa arudi mwezi ujao. Dereva hakutugombeza. Aibu ilibaki kwetu.

Basi, jamaa, tufanye hivi:

– Kadi, karatasi ya ruhusa na dawa anazokunywa mgonjwa vitayarishwe jana yake.
– Mgonjwa awe barabarani kabla gari halijafika, pamoja na mtu wa kumsindikiza.
– Majirani wachange kidogo kidogo kwa esansi. Faranga chache za nyumba kumi zinasaidia.
– Tukubaliane mapema na safari ya kurudi. Mgonjwa asiachwe mjini usiku.
– Safari ikivunjika, dereva apigiwe simu mapema ili ambebe mwingine.

Neno moja zito. Mama anayetokwa damu nyingi baada ya kuzaa anaweza kufa ndani ya saa mbili. Huyo asingoje dereva wa kesho! Akimbizwe kituo cha afya kilicho karibu, na ambulansi iitwe pale pale.

Kwenye ingobyi hakuna anayembeba mgonjwa peke yake. Dereva naye ni mbebaji mmoja tu, yule wa mwisho. Tukiacha mzigo wote juu yake, siku moja atachoka, na tutarudi kukaa kando ya barabara.