Rekodi za Forest Whitaker kwa Mizani ya Mbarara na Nakivale

Mtaje Forest Whitaker mbele ya Mganda, na jina litakalofuata ni Idi Amin. Filamu ya The Last King of Scotland, iliyopigwa humu humu Uganda mwaka 2005 na kutolewa 2006, iliwafunga watu hao wawili pamoja. Lakini mkongwe huyu wa sinema ana rekodi nyingi, na kubwa kati yake hazikuwekwa mbele ya kamera. Tumezikusanya hapa na kuzipima kwa vipimo tunavyovijua: mfuko wa posho, teksi ya abiria 14, uwanja wa Namboole, umri wa Nakivale. Tarakimu ziseme.

1. Nani mkubwa kwa umri?

Whitaker alizaliwa Longview, Texas, tarehe 15 Julai 1961. Bendera ya Uganda ilipandishwa tarehe 9 Oktoba 1962. Kwa hiyo amelitangulia taifa letu kwa karibu miezi 15.

Lakini asijivune mbele ya Nakivale! Wakimbizi wa kwanza, Watutsi waliotoka Rwanda, walianza kufika ukingoni mwa Ziwa Nakivale mwishoni mwa miaka ya 1950, na makazi yakawekwa rasmi mwaka 1960. Nakivale, moja ya makazi ya wakimbizi yenye umri mkubwa kuliko yote barani Afrika, inashika nafasi ya kwanza. Whitaker wa pili. Uganda huru ya tatu.

2. Mwili uliopanda mizani zaidi

Ili awe Amin katika filamu ile, Whitaker aliongeza uzito wa karibu kilo 23. Chukua mfuko wa posho wa kilo 25, chota kilo mbili za chakula cha jioni, kinachobaki ndicho alichojibebesha mwilini. Kwa urefu alishindwa: yeye ana sentimita 188 hivi, Amin alikuwa na kama 193. Pengo hilo la sentimita tano lilizibwa kwa mwendo, mabega na sauti, na ukiitazama filamu hulioni kabisa. Akajifunza pia kupiga kodiani, kinanda cha mkono ambacho Amin alikipenda.

3. Mwanafunzi wa Kiswahili aliyefika mbali zaidi

Hii ndiyo rekodi ninayoipenda kuliko zote. Mmarekani wa miaka 40 na kitu, ambaye tayari alikuwa na jina, alikaa chini akajifunza Kiswahili kwa ajili ya filamu moja, pamoja na lafudhi ya Kiingereza cha Amin. Hakubahatisha lugha. Amin aliingia jeshi la kikoloni la King's African Rifles mwaka 1946, na Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya jeshi lile. Mwaka 1973 alikitangaza kuwa lugha ya taifa. Kwa sababu hiyo wazee wengi wa Uganda walikisikia kwa mara ya kwanza kikitoka mdomoni mwa askari, wakakiogopa, na woga huo ukarithiwa na watoto wao. Baraza la mawaziri lilikuja kukipitisha kuwa lugha rasmi mwaka 2022, karibu nusu karne baadaye.

Sasa njoo Nakivale. Hapa Mkongo, Mrundi, Mnyarwanda na Msomali wanauziana nyanya na kupatana bei ya boda kwa Kiswahili hicho hicho. Hakuna askari anayemlazimisha mtu. Mgeni aliyepokelewa katika kituo cha Kabazana bila neno hata moja hujikuta baada ya miezi michache akibishana sokoni. Whitaker alijifunza kwa kazi, watu wa Nakivale wanajifunza kwa maisha, na kwa kasi wanamshinda. Lakini yeye alikipeleka Kiswahili chake hadi jukwaa la Oscar.

4. Shilingi iliyozaa zaidi

Filamu iligharimu kama dola milioni 6. Ikaingiza kama dola milioni 48. Kila dola moja ilirudi na wenzake saba.

5. Tuzo kubwa kuliko zote

Tarehe 25 Februari 2007, Whitaker alipokea Oscar ya mwigizaji bora wa kiume. Siku chache kabla ya hapo filamu ilikuwa imezinduliwa Kampala, mbele ya Rais Museveni, na Whitaker mwenyewe alikuwepo. Sanamu ile ina urefu wa sentimita 34 na uzito usiofika kilo nne. Mtoto wa Nakivale anayetoka bombani na jerikeni ya lita tano iliyojaa amebeba mzigo mzito kuliko Oscar.

Uzito wake uko kwenye foleni. Whitaker alikuwa mtu mweusi wa nne tu kuitwaa tuzo hiyo. Sidney Poitier aliipokea 1964, kisha foleni ikasimama hadi Denzel Washington mwaka 2002. Miaka 38! Mtoto aliyezaliwa Nakivale mwaka wa Poitier angeweza kuwa na wajukuu kabla ya Denzel kupanda jukwaani. Baadaye mambo yakaenda haraka: Jamie Foxx 2005, Whitaker 2007. Kisha kimya kingine cha miaka 15, hadi Will Smith mwaka 2022. Na katika hao wote, aliyeshinda kwa hadithi ya Uganda, iliyopigwa Uganda, ni mmoja.

6. Hesabu nzito kuliko zote

Hapa shangwe inasimama, maana mhusika aliyemletea Whitaker tuzo alikuwa mtu wa kweli, na tarakimu zake zinauma.

Amin alitawala kuanzia tarehe 25 Januari 1971 hadi Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili 1979. Ni miaka minane na ushei, iliyobanwa ndani ya filamu ya saa mbili na dakika kadhaa. Idadi ya waliouawa inayotajwa mara nyingi ni 300,000. Sensa ya 2014 iliwahesabu wakazi wa Mbarara mjini kuwa 195,013. Ondoa mji mzima, nyumba kwa nyumba, kisha ongeza nusu yake nyingine, ndipo utaikaribia hesabu hiyo. Waasia waliopewa siku 90 kuondoka mwaka 1972 walikuwa zaidi ya 50,000. Namboole, wenye nafasi ya watu kama 45,000, usingewatosha.

Mbarara haikuyasikia haya redioni tu. Julai 1971, Wamarekani wawili, mwandishi wa habari Nicholas Stroh na mhadhiri wa Makerere Robert Siedle, waliuawa hapa baada ya kufika kambi ya Simba kuuliza habari za askari waliochinjwa humo. Tarehe 17 Septemba 1972, wapiganaji waliokuwa uhamishoni Tanzania waliishambulia kambi hiyo hiyo wakashindwa, na baada yao raia wengi wakakamatwa. Februari 1979 jeshi la Tanzania likauchukua mji, na sehemu kubwa ya Mbarara ikabaki vifusi. Mji huu uliguswa mwaka wa kwanza wa utawala ule, wa pili na wa mwisho.

Whitaker alikuja kujifunza kwa watu walioyaishi hayo. Aliwatafuta ndugu wa Amin, majenerali wake, marafiki zake na wale waliodhulumiwa, akawasikiliza kabla ya kufungua mdomo mbele ya kamera. Ndiyo maana Amin wake anachekesha kwanza, ndipo anatisha, na waliomwona Amin wa kweli wanajua mpangilio huo.

7. Miaka 34, mara mbili

Mwaka 1988, akiwa na miaka 26, Whitaker alitajwa mwigizaji bora huko Cannes kwa kumwigiza mpiga saksafoni Charlie Parker katika filamu ya Bird ya Clint Eastwood. Mwaka 2022, Cannes hiyo hiyo ikampa Palme d'Or ya heshima. Miaka 34 kati ya tuzo na tuzo.

Na mtumishi wa Ikulu ya Marekani ambaye maisha yake yalizaa filamu ya The Butler ya 2013, Eugene Allen, alifanya kazi miaka 34 vile vile, kuanzia 1952 hadi 1986, chini ya marais wanane. Katika filamu hiyo Whitaker anabeba trei huku mwanawe akiingia kwenye harakati za haki za watu weusi, na ugomvi wa wawili hao mezani una siasa nyingi kuliko hotuba za marais wote wanane.

8. Pato kubwa zaidi

Black Panther, 2018, ambamo yeye ni mzee Zuri: zaidi ya dola bilioni 1.3. Ni zaidi ya mara 25 ya pato la filamu ya Amin. Tusonge mbele.

9. Mwigizaji mwenza aliyembadilisha zaidi

Filamu ile ilijaa Waganda. Abby Mukiibi alikuwa Masanga, mkono wa Amin wenye kutisha. Stephen Rwangyezi, mwanzilishi wa kikundi cha ngoma cha Ndere, alikuwa waziri Wasswa. Na alikuwemo Okello Kelo Sam, ambaye nafasi yake kwenye filamu ilikuwa ndogo na nafasi yake nje ya filamu ikawa kubwa kuliko ya yeyote. Okello alitekwa na waasi akiwa kijana, akatoroka, akawa mcheza ngoma na mwigizaji. Mwaka 1998 alianzisha Hope North, karibu na Bweyale katika wilaya ya Kiryandongo, iwe makao na shule ya watoto walioumizwa na vita vya kaskazini. Whitaker akawa mtetezi wa mahali hapo. Mwaka 2008 alikuwa pia miongoni mwa wazalishaji wa Kassim the Dream, filamu ya kweli juu ya Kassim Ouma, aliyefanywa askari akiwa mtoto na kuwa bingwa wa ndondi wa dunia wa IBF mwaka 2004.

Baada ya hapo ngazi ilipandwa haraka. Mwaka 2011 UNESCO ilimfanya balozi wake wa hiari wa amani na upatanishi. Mwaka 2012 akaanzisha shirika lake, Whitaker Peace and Development Initiative. Mwaka 2016 Umoja wa Mataifa ukamweka katika kundi la watetezi wa malengo yake ya maendeleo. Vyeo hivyo hupewa waigizaji wengi, na wengi huviweka kabatini. Cha Whitaker kina kituo chenye vijana ndani yake, katika makazi ya wakimbizi ya Kiryandongo, ambako Wasudan Kusini wanafundishwa kompyuta, biashara ndogo, na kazi ngumu kuliko zote: kusuluhisha ugomvi kabla panga halijachomolewa. Anadai kwamba kijana aliyeiona vita ndiye anayefaa kuongoza mapatano. Hiyo ni siasa, tena ya kuwanyang'anya wazee wa mikutano kiti chao, na mimi naiunga mkono kwa mikono miwili.

Umbali hadi huko? Nakivale hadi Mbarara ni kama kilomita 60. Mbarara hadi Kampala, 270 hivi. Ongeza barabara ya Gulu hadi Kiryandongo na unavuka kilomita 500. Katika nchi inayohifadhi wakimbizi wengi kuliko nyingine yoyote Afrika, mbegu ya Whitaker iko kaskazini na udongo wake uko huku pia: Nakivale ina zaidi ya watu laki moja na nusu, na vijana waliozikimbia vita za Kongo na Burundi wamekaa tayari.

10. Mbio ndefu kuliko zote, na anayeongoza

Kwa urefu wa harakati, Whitaker ana mpinzani, na mpinzani huyo ni mlima. Harry Belafonte, mwigizaji na mwimbaji, alizaliwa New York tarehe 1 Machi 1927, akafariki tarehe 25 Aprili 2023 akiwa na miaka 96.

Mwaka 1959, yeye, Poitier na mchezaji wa besiboli Jackie Robinson walisaini barua ya kuchangisha fedha ili mwanasiasa wa Kenya Tom Mboya awapeleke vijana wa Afrika Mashariki vyuo vya Marekani. Ndege ya kwanza ilibeba wanafunzi 81. Teksi sita za abiria 14 zingewatosha, na viti vitatu vingebaki. Mwaka uliofuata safari hizo zilimbeba Wangari Maathai, mwanaharakati wa baadaye wa mazingira. Agosti 1964 Belafonte na Poitier walipeleka dola 70,000 taslimu Mississippi kwa wanaharakati wa haki ya kupiga kura, huku wabaguzi wakiwafukuza kwa magari usiku. Mwaka 1987 akawa balozi wa UNICEF. Mwaka 1994 akafika Rwanda kuwapigania watoto, wakati Nakivale ikiwapokea Wanyarwanda wengine baada ya wale wa 1959.

Piga hesabu. Filamu ya kwanza ya Belafonte ilitoka 1953, ya mwisho 2018: miaka 65. Ubalozi wake wa UNICEF, kuanzia 1987 hadi kifo: miaka 36. Whitaker alianza sinema 1982 na ubalozi wa UNESCO 2011. Ili azifikie rekodi zote mbili lazima afike mwaka mmoja ule ule, 2047. Atakuwa anatimiza miaka 86. Umri huo haumzuii mtu: Mkenya Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza Eldoret mwaka 2004 akiwa na miaka 84, na aliyesafiri hadi Kenya mwaka huo huo kuipigia debe elimu ya watoto alikuwa Belafonte.

Mwenye kutazama saa atazame. Imebaki miaka ishirini na kitu.