Fundi Akisema "Toa Themostati", Mwambie Hapana

Kila mtaa wa Eastlands una fundi mwenye dawa moja ya gari inayochemka: "Hii tutoe kabisa, boss. Themostati ni ya nchi za baridi."

Hata mimi niliamini. Vitz ya brathe ilichemka jioni moja kwa jam ya Barabara ya Jogoo, karibu na Hamza, mvuke ukitoka kwa boneti kama sufuria ya githeri. Gari hiyo ndiyo inalipa rent yetu. Yeye anapiga teksi mchana, na mimi, tangu niache chuo, nashika zamu ya usiku mpaka alfajiri. Fundi akatoa themostati, akajaza maji ya mfereji, akalipwa, tukaenda.

Kweli, haikuchemka tena. Lakini Vitz yetu haina geji ya joto, ina taa tu: bluu injini ikiwa baridi, nyekundu ikichemka. Zile asubuhi za Julai, taa ya bluu ilikataa kuzima. Natoka Umoja, nakaribia tao, bado inawaka. Mafuta nayo yakaanza kuisha kabla zamu haijaisha.

Themostati ni mlango mdogo wenye nta ndani. Injini ikiwa baridi, mlango unafungwa, maji hayapiti kwa redieta, injini inapata moto haraka. Joto likifika kama digrii 82 kwa Toyota nyingi ndogo, nta inavimba, inasukuma mlango, maji yanaenda kupoa. Ukiitoa, maji yanapozwa muda wote. Kompyuta ya gari inaona injini bado ni baridi, inaongeza petroli. Na ile hadithi ya nchi ya joto? Siku ya jua kali zaidi Nairobi haifiki hata nusu ya digrii 82.

Kwa hivyo tulinunua mpya kule Grogan, pamoja na raba yake. Bei ilikuwa chini ya nusu tangi ya petroli. Kabla ya kuifunga tuliijaribu. Tuliweka ile ya zamani na mpya kwa sufuria ya maji, zikining'inia kwa kamba zisiguse chini, tukawasha jiko. Maji ya Nairobi huchemka karibu digrii 94 kwa sababu tuko juu, lakini hiyo inatosha. Mpya ilifunguka kabla maji hayajachemka. Ile ya zamani ilibaki imefunga kabisa. Kumbe ndiyo ilituchemshia gari.

Kazi yenyewe tulifanyia kwa ploti:

Kwanza, acha injini ipoe kabisa. Ukifungua kifuniko cha redieta ikiwa moto, maji yatakurukia usoni.

Pili, fungua koki ya chini ya redieta, maji yaingie kwa beseni. Kama kuna kulanti, usiimwage mtaroni. Ni tamu na ni sumu, mtoto au mbwa akiionja ni balaa.

Tatu, fuata paipu ya chini ya redieta mpaka inapoingia kwa injini. Hapo kuna kifuniko cha nati mbili au tatu, na kwetu spana namba 10 ilitosha. Kabla ya kufunga, safisha kutu, weka raba mpya, springi iangalie ndani ya injini, na kale kapini kadogo kakae juu ili hewa itoke. Kaza nati pole pole, kwa zamu.

Nne, jaza kulanti, sio maji ya mfereji yanayoleta kutu. Washa injini kifuniko kikiwa wazi, hita iwe full, uongeze mpaka mapovu yaishe. Kisha funga, kagua kama kunavuja, na kesho yake injini ikiwa baridi angalia kiwango tena.

Kama bado inachemka, angalia feni na uvujaji. Ukiona oili imekuwa kama chai ya maziwa, hiyo ni gasketi ya silinda hedi. Zima gari, itisha fundi, usijaribu kufika nayo nyumbani.

Yetu, taa ya bluu sasa inazima kabla sijatoka Umoja. Themostati mbovu iko kwa dashibodi. Fundi akianza ile hadithi ya nchi za baridi, namkabidhi aishike kwanza, kisha namuuliza kama yuko na sufuria.