Nzohe wa Saiwa: Mbuga Ndogo Yenye Mambo Makubwa

Mtajie Mkenya yeyote neno mbuga, na papo hapo mawazo yake yatakimbilia Maasai Mara au Tsavo. Ataanza kukuhesabia simba, ndovu na nyati, na magari yaliyofunguliwa paa huku watalii wamesimama ndani wakipiga picha. Lakini ukimtajia Saiwa, atakutolea macho na kuuliza, "Saiwa? Ndiyo nini hiyo?" Usimlaumu, kwani mbuga yenyewe ni ndogo mno. Hata hivyo, wembamba wa reli, garimoshi hupita. Katika makala haya nataka tuitazame mbuga hiyo, mnyama aliyesababisha ianzishwe, namna ya kumwona, na hatari inayomkabili.

Saiwa iko katika kaunti ya Trans Nzoia, kiasi cha kilomita 20 na ushei kutoka mji wa Kitale. Ukitoka Kitale unapanda matatu ya kwenda Kapenguria, unashuka kwenye njia panda ya Kipsaina, halafu unamalizia kwa bodaboda au kwa miguu. Ilitangazwa kuwa mbuga ya kitaifa mwaka wa 1974. Ukubwa wake ni kilomita mraba 3 hivi, yaani eka 700 na kidogo. Hebu linganisha: mbuga ya Nairobi, ambayo wengi huiita ndogo, ina kilomita mraba 117, nayo Tsavo Mashariki inapita 13,000! Huko huko Trans Nzoia kuna mashamba yanayoishinda Saiwa kwa ukubwa.

Basi kwa nini serikali ikatenga kipande kidogo namna hiyo? Jibu ni mnyama mmoja tu: nzohe.

Nzohe, ambaye wengi humjua kwa jina la sitatunga, ni jamaa ya tandala na mbawala, ila yeye makao yake ni kinamasi. Dume ana pembe zilizojipinda. Jike hana pembe, na rangi yake huwa nyekundu kuliko ya dume. Manyoya yao ni marefu na yana mafuta mafuta, kwa hivyo maji hayapenyi upesi hadi kwenye ngozi. Lakini kioja chenyewe ni kwato. Mbuzi akitia mguu kwenye kinamasi, huzama hadi tumboni. Nzohe hazami. Kwato zake ni ndefu na nyembamba, nazo hutanuka anapokanyaga, hata uzito wake ukasambaa juu ya matope na matete. Akihisi hatari hajisumbui kukimbia mbali. Huingia majini akajizamisha, akabakisha pua peke yake ili apumue. Adui apite zake!

Akitaka kulala pia ana ujuzi wake. Huzunguka zunguka mahali pamoja akikanyaga matete mpaka yakawa kama mkeka juu ya maji, kisha hujilaza papo. Jike naye huficha mtoto wake juu ya mkeka kama huo.

Kila ndege huruka kwa ubawa wake, na ubawa wa nzohe ni kinamasi. Umtoe huko umpeleke nchi kavu, zile kwato ndefu humgeukia mzigo. Huenda kwa shida, wala hana mbio za swala wa nyikani. Tena ana desturi ya kupita njia zile zile katika matete kila siku, na wawindaji haramu wanaijua sana desturi hiyo. Hutega mitego ya waya papo hapo njiani. Kwa hivyo kinamasi kikikauka, nzohe hana pa kuhamia.

Sasa tuje kwenye ziara yenyewe. Saiwa hakuna cha gari. Gari lako litaishia langoni, nawe utatembea kwa miguu, kwani hakuna simba wala ndovu wa kukutisha. Kuna vijia vinavyopita msituni, na penye maji kumejengwa njia za mbao. Kuna pia majukwaa marefu ya mbao, mfano wa dungu la kulindia shamba, ambayo mgeni hupanda akatazama kinamasi kutoka juu. Ada hulipwa kwa mtandao wa serikali wa eCitizen, kwa hivyo usiende na noti zako mkononi ukidhani utapokelewa.

Wakati mzuri ni alfajiri au jioni jua likitua, kwa maana hapo ndipo nzohe hutoka kula. Saa sita mchana utaona matete matupu urudi ukilalamika ati umepoteza nauli. Vaa nguo zisizong'aa, beba darubini kama ipo, na zaidi ya yote, funga mdomo! Wenzangu, kelele za basi la shule sote tunazijua. Darasa zima likipanda jukwaa moja kwa vicheko, nzohe atakuwa amezama zamani. Afadhali mgawanyike vikundi vidogo vidogo. Mvumilivu hula mbivu.

Hata nzohe akikunyima uso, hutarudi mikono mitupu. Mitini kuna mbega, na kuna kima wa Brazza mwenye ndevu nyeupe kama za mzee wa baraza. Jina hilo ni la yule mpelelezi ambaye pia mji wa Brazzaville uliitwa kwa jina lake. Majini kuna fisi-maji, na kwenye majani utaona korongo taji akitembea kwa maringo. Korongo huyu aliwekwa katika orodha ya ulimwengu ya ndege walio hatarini kutoweka mwaka wa 2012.

Sasa nifike penye kiini cha jambo. Mbuga kubwa kama Tsavo ina nafasi ya wanyama kuhama mahali pakiharibika. Saiwa haina. Imezungukwa na mashamba pande zote, na maji yake yanatoka nje ya mipaka yake. Mwenye shamba la juu akilima hadi ukingoni mwa mto, mvua huteremsha udongo ukaja kujaza kinamasi. Mbolea na dawa za kuulia wadudu nazo hufuata njia hiyo hiyo. Mikaratusi ikipandwa kando ya mto, hunywa maji bila kiasi. Ua waweza kuzuia ng'ombe, lakini hakuna ua wa kuzuia sumu iliyo ndani ya maji. Askari wa mbuga wanaweza kumkamata mwenye mtego wa waya. Je, watamkamata nani mto ukipungua?

Je, mkulima ni adui? La hasha! Trans Nzoia ni ghala la mahindi la nchi hii, na mahindi hayo ndiyo ugali wetu wa bwenini na ndiyo karo ya wanafunzi wengi. Tena kima hawajui mpaka. Wakiona mahindi mabichi huingia shambani, na hasara ni ya mwenye shamba. Mtu huyo hawezi kupenda kinamasi kwa kuhubiriwa tu. Lakini akiona kwamba matete ndiyo yanayochuja maji na kuyaweka hadi kiangazi kama sifongo, atajua kinamasi ni chake pia. Wanakijiji wa Kipsaina walilitambua hilo. Waliunda kikundi cha kuhifadhi korongo na vinamasi, wakawa wanapanda miti ya kienyeji.

Nasi wanafunzi tuna letu. Tukipanda miti kando ya kijito cha shule, tuchague ya kienyeji, si mikaratusi. Takataka za bwenini tusizitupe mtoni. Na klabu yetu ikipanga safari, tusikimbilie tu mbuga zenye majina makubwa.

Ukifika Saiwa, usimuulize askari wa mbuga ana simba wangapi. Muulize maji yamefika wapi mwaka huu. Hapo atajua umekuja kumwona nzohe kwa kweli.