Nyungu Haitibu Uchovu wa Baada ya UVIKO

Haipiti wiki nisiulizwe swali lile lile: "Daktari, UVIKO nimepona, lakini mwili umelegea na kichwa hakishiki jambo, nipige nyungu mara ngapi mabaki ya virusi yatoke?" Asipige hata mara moja, na madhali waulizao hawapungui, sina budi kueleza sababu.

Wenye kuishikilia dawa hii, iliyoenea mno Tanzania mwaka 2020 na 2021, hudhani kwamba maradhi ni uchafu uliosalia kifuani, na kwamba mgonjwa akijifunika blanketi gubigubi juu ya mvuke wa mkaratusi, mchaichai na mwarobaini, uchafu huo utatoka pamoja na jasho. Dhana hii ni batili kabisa. Mvuke hupoa puani na kooni kabla ya kufika mapafuni, na lau ungefika na ukali wake, ungeyababua mapafu kabla ya kukidhuru kirusi, ambacho makazi yake ni ndani ya seli. Jasho nalo ni maji na chumvi, halifukuzi virusi. Na hata wataalamu wanaoshuku kuwa mabaki ya virusi hujificha mwilini huyatafuta ndani kabisa ya tishu, mahali ambapo mvuke hauna njia. Lililo baya zaidi, wengi wa wagonjwa hawa wasimamapo moyo huenda mbio na macho huingia kiza, kwa kuwa mishipa ya damu haikazi ipasavyo. Joto la nyungu huzidi kuilegeza, jasho hupunguza maji, naye mgonjwa huangukia sufuria inayochemka. Nimemwona mama aliyechunika ngozi ya mapaja kwa namna hiyo, ilhali maradhi yaliyomsumbua tangu awali yalikuwa usahaulifu.

Wala wagonjwa hawa wasiitwe wavivu. Mwalimu anayesimama darasani akayasahau majina ya wanafunzi aliowafundisha mwaka mzima hajisingizii. Shirika la Afya Duniani lilitoa fasili ya maradhi haya Oktoba 2021: dalili ambazo aghalabu huonekana ndani ya miezi 3 tangu maambukizi, zikadumu angalau miezi 2, na zisiwe na sababu nyingine.

Basi sababu nyingine zitafutwe kwanza: wingi wa damu, sukari, tezi ya shingo, kifua kikuu, VVU, na shinikizo la damu likipimwa umelala kisha umesimama. Kazi igawanywe mafungu madogo, na mapumziko yaje kabla ya kuchoka, kwani ajilazimishaye leo huweza kulala kitandani siku kadhaa. Usijitibu kwa kukimbia. Kunywa maji ya kutosha, shika saa za usingizi, andika mambo daftarini, mwombe mwajiri akurudishe kazini kidogo kidogo. Sonona na wasiwasi vina ushauri nasaha na dawa, na kuvitumia si kukiri kwamba maradhi yako ni ya kubuni.

Anayebanwa na kifua, anayezimia, au anayewaza kujiua asingoje miadi: apelekwe hospitali leo hii.