Tumbawe likibanduka ngozi tangini, usikimbilie kulichemsha

Machi 2018, katika kijiji cha Steventon, Oxfordshire nchini Uingereza, mkazi mmoja alitoa mawe yenye matumbawe kwenye tangi lake la samaki ili ayasafishe. Haukupita muda mrefu, watu wa nyumba ile wakawa hoi. Walikohoa na kupumua kwa shida, na mwanzoni ilidhaniwa ni mafua makali. Barabara za jirani zilifungwa na watu 10 wakapelekwa hospitali, wakiwamo zimamoto wanne waliokwenda kusaidia.

Chanzo kilikuwa palitoksini, sumu kali inayotengenezwa na baadhi ya matumbawe yanayofugwa sebuleni kama pambo.

Matangi ya matumbawe yanapendwa na familia nyingi za Ulaya na Marekani, zikiwamo za Waswahili waishio huko. Hatari huweza kuanza pale mzazi anapogundua kuwa tumbawe lake linaumwa, akaamua kutumbukiza mikono majini.

Linaumwa au limepauka?

Tumbawe huonekana kama jiwe, lakini ni mnyama. Juu ya kiunzi cha chokaa pana ngozi laini yenye vinyama vidogo vidogo, na ndani yake huishi mwani unaolipa chakula na rangi.

Likipauka, mwani huo hutoka na ngozi hubaki, ingawa inakuwa kama kioo. Tumbawe la namna hiyo linaweza kupona. Lakini likibanduka ngozi, nyama yenyewe huondoka na kuacha mfupa mweupe. Kuna kubanduka kwa pole pole, mara nyingi kuanzia chini kwenye shina, kwa siku au wiki kadhaa. Kuna pia kwa kasi, ambako tumbawe zima huweza kwisha kati ya jioni na asubuhi.

Anza na maji

Kabla ya kununua dawa yoyote, pima maji. Joto liwe nyuzi 25 hadi 26, na chumvi iwe karibu gramu 35 kwa kila kilo ya maji, sawa na ya baharini. Pima pia alikali, ambayo wafugaji wengi huiweka kati ya 7 na 11 kwa kipimo cha dKH. La muhimu zaidi ni namba hizo zisiyumbe. Alikali ikipanda au kushuka ghafla huwa mwanzo wa matatizo mengi.

Kisha jiulize ni nini kimebadilika wiki hii. Je, hita imekwama? Taa mpya ni kali mno? Kuna dawa ya samaki yenye shaba iliyotiwa? Shaba inayotibu samaki huua matumbawe. Usiku, washa tochi utazame shinani, kwani wapo minyoo bapa wanaokula ngozi ya tumbawe na hujificha mchana.

Badilisha sehemu ya maji na uweke mkaa wa kuchujia. Usirekebishe kila kitu kwa siku moja, maana mshtuko wa pili huweza kumaliza kilichobaki. Ikiwa ngozi inaendelea kubanduka, wafugaji wazoefu hukata tawi kwenye sehemu yenye afya, juu ya mstari wa ugonjwa, na kulikuza peke yake. Hawaokoi kila tawi.

Hatari iliyo jirani

Tumbawe gumu linalobanduka kwa kawaida silo lenye sumu hiyo. Lakini kwenye jiwe lile lile huweza kuota zoanthidi, matumbawe laini yanayofanana na vifungo vya nguo vyenye rangi za kuvutia. Baadhi yake yana palitoksini nyingi, mengine kidogo, na kwa macho huwezi kuyatofautisha.

Ndiyo maana jiwe la tangi halichemshwi jikoni. Moto hauiharibu sumu hii, na mvuke huisambaza hadi chumba walicholala watoto. Usilimwagie maji ya moto wala kulisugua kwa brashi likiwa kavu. Ukilazimika kuligusa, vaa glovu na miwani ya kinga, funika mdomo na pua, na fanya kazi nje watoto wakiwa mbali. Kidonda mkononi ni sababu tosha ya kuahirisha kazi. Jiwe la kutupwa hulowekwa nje kwenye maji yenye jiki. Usichanganye jiki na siki, ambayo wengi huitumia kusafishia pampu, kwa sababu hutoa gesi ya klorini.

Dalili za kuangalia

Palitoksini huweza kuleta ladha chungu au ya chuma mdomoni, homa na kutetemeka, kikohozi, kubanwa kifua, maumivu ya misuli na macho kuwaka. Haina dawa mahususi ya kuiondoa mwilini, hivyo madaktari hutibu dalili, na kuwahi ndiko kunakosaidia.

Toeni kila mtu nje, wanyama wa kufugwa pia, na msirudi kuchukua kitu. Jicho lililorukiwa lioshwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi. Piga simu ya dharura, 999 Uingereza au 911 Marekani, na sema mapema kuwa nyumbani kuna tangi la matumbawe. Bila neno hilo, daktari huweza kudhani ni mafua, na waokoaji huweza kuingia bila kinga.

Mtoto naye afundishwe mapema kwamba tangi ni la kutazama kwa macho. Akiona doa jeupe kwenye tumbawe, amwite mkubwa. Na mkubwa akiitwa, aanze na kipimo cha maji. Sufuria ibaki jikoni.