Uamuzi Hufanyika Ukiwa Haupo

Swali limeulizwa tena. Safari hii limetoka kwa muuguzi kiongozi wa wodi ya wazazi, mwishoni mwa mafunzo, wenzake wakiwa wameshafunga madaftari: "Mwalimu, nikiingia kwa mganga mfawidhi kuomba vifaa, nikae vipi ili anisikilize? Mikono niiweke wapi?" Swali hilohilo nimeulizwa na wahasibu wa halmashauri, walimu wa taaluma na wasimamizi wa matawi ya benki. Wote ni watu wa katikati. Wana watu chini yao, wana bosi juu yao, na wana jambo wanaloliona linakwenda kombo ila hawawezi kulirekebisha kwa sahihi yao peke yao.

Jibu langu halijabadilika: weka mikono popote. Kama kituo hakina mashine ya kupimia presha, mkao wako hauiongezi kwenye mpango wa manunuzi. Swali lenyewe ndilo lenye kasoro, na kuna watu wanaolipwa kulipanda vichwani mwa wafanyakazi.

Utaukuta ukurasa mmoja unaozunguka kwenye semina za uongozi na hamasa. Una duara lililokatwa vipande vitatu: maneno asilimia 7, sauti asilimia 38, mwili asilimia 55. Mtoa mada anajumlisha viwili vya mwisho, anapata 93, kisha anatangaza kwamba asilimia 93 ya mawasiliano haitokani na unachosema. Kuanzia hapo siku inaishia kwenye mazoezi ya kusimama wima, kumtazama mtu machoni, kumshika mkono kwa nguvu na kuchagua rangi ya tai. Mshiriki anaondoka na cheti. Jumatatu yuko ofisini, na jambo lake liko palepale.

Takwimu hizo zina mwenyewe. Ni Albert Mehrabian, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, aliyechapisha na wenzake majaribio mawili mwaka 1967. Katika jaribio moja, watu walisikilizishwa neno mojamoja lililorekodiwa kwa sauti tofauti, mengine maneno ya upendo, mengine ya ukali, mengine yasiyoegemea popote, wakaulizwa msemaji ana hisia gani kwa anayemwambia. Katika jingine lilitumika neno moja tu, lenye maana ya "labda", likisemwa kwa sauti ya kupenda, ya kawaida na ya kuchukia, huku msikilizaji akionyeshwa picha za uso. Kilichopimwa ni hiki: neno, sauti na uso vikipingana, mtu anaamini kipi kuhusu hisia za msemaji? Basi. Hapakuwa na hoja, hapakuwa na bajeti, hapakuwa na mtu anayemwomba mkubwa wake jambo lolote. Mehrabian mwenyewe ameeleza kwamba uwiano ule unahusu hisia za kupenda na kutopenda, na kwamba nje ya hapo haufai kutumika. Zaidi ya miaka 50 baadaye, watu bado wanautumia kumfundisha mhasibu namna ya kuomba fedha za matengenezo ya gari.

Wala huhitaji kusoma majaribio hayo ili kuona kwamba dai lenyewe halisimami. Kama maneno yangekuwa asilimia 7 tu, taarifa ya habari ya redioni ingepoteza zaidi ya nusu ya ujumbe kwa sababu humwoni msomaji, na barua ya kusimamishwa kazi ingekufikia vipande vipande. Tazama tamthilia ya Kikorea isiyotafsiriwa. Nyuso zote unaziona, sauti zote unazisikia. Nani anamdai nani, na kwa nini yule mzee amemfukuza binti yake, hujui.

Sisemi adabu haina kazi. Ukimfokea bosi mbele ya watu wake umejifungia mlango, na shikamoo iliyotolewa kwa moyo ina nafasi yake katika ofisi zetu. Ninachokikasirikia ni madhara. Sista aliyekataliwa vifaa anaambiwa kwamba tatizo ni yeye: hajiamini, sauti yake ndogo, mabega yameinama. Anarudi nyumbani akijilaumu kwa kasoro ambayo haikuhusika, na ile iliyohusika, yaani karatasi aliyoipeleka, hakuna aliyeisoma pamoja naye.

Maana hapo ndipo mambo yanapoamuliwa. Katika ofisi zetu, jambo la maana haliamuliwi ukiwa umesimama mbele ya meza. Linaamuliwa bosi akiwa na jalada, jioni, au akiwa kwenye kikao ambacho wewe hukualikwa. Bosi wako naye yuko katikati. Mganga mfawidhi ana kamati ya usimamizi ya kituo inayomhoji matumizi, ana mganga mkuu wa wilaya, ana mkaguzi atakayekuja mwakani. Swali lake si kama unajiamini. Anajiuliza: nikilibeba hili na kulipeleka kule juu, nitasema nini wakinibana? Ukimpa jibu, amepata njia. Usipompa, atakutazama kwa upole, atakwambia "nimelipokea", na litalala.

Chukua mfano wa wodi hiyohiyo ya wazazi. Dokezo ninaloletewa mara nyingi husomeka hivi: "Wodi ina upungufu mkubwa wa vifaa hali inayohatarisha maisha ya wateja. Tunaomba ofisi yako itusaidie." Mfawidhi hana la kufanya na sentensi hizo. Upungufu wa nini? Kiasi gani? Kutoka kasma ipi? Sasa tuseme Sista ameandika hivi: wodi ina mashine moja ya presha kwa vitanda 24; katika wiki mbili zilizopita, zamu za usiku, akina mama 9 waliokuwa wapimwe kila baada ya saa 4 hawakupimwa kwa wakati, na orodha ya tarehe imeambatishwa; Bohari ya Dawa imejibu kwa maandishi kwamba haina; mshitiri, yaani msambazaji binafsi mwenye mkataba, anazo; mhasibu amethibitisha salio kwenye kasma ya vifaa; tunaomba idhini ya mashine mbili. Ni ukurasa mmoja. Mfawidhi anaweza kuupeleka kwenye kamati bila kubadilisha neno, na akiulizwa, majibu yako mkononi. Tena uwezo wa kuidhinisha anao: tangu mwaka wa fedha 2017/18, fedha za mfuko wa pamoja wa afya zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti za vituo.

Anayetaka ushahidi mzito zaidi wa nguvu ya karatasi amsome Ignaz Semmelweis, daktari wa Kihungaria aliyekuwa msaidizi wa Profesa Johann Klein katika kliniki ya kwanza ya wazazi, Hospitali Kuu ya Vienna. Mtu wa katikati hasa. Kliniki yake ilifundisha wanafunzi wa udaktari, na mwaka 1846 zaidi ya wazazi 11 katika kila 100 walifariki humo. Kliniki ya pili, ya wanafunzi wa ukunga, hawakufika 3. Machi 1847 rafiki yake Jakob Kolletschka alifariki baada ya kuchomwa na kisu wakati wa kupasua maiti, na dalili zake zilifanana na za wale wazazi. Semmelweis akaelewa: madaktari walikuwa wanatoka chumba cha maiti na kwenda moja kwa moja kwa wazazi. Katikati ya Mei akaagiza kila mtu anawe mikono kwa maji ya klorini. Vifo vilivyokuwa asilimia 18.3 mwezi Aprili vilishuka hadi 2.2 mwezi Juni.

Hakuna mtu wa katikati aliyewahi kuwa na hoja nzito kuliko hiyo. Bado Machi 1849 mkataba wake haukuongezwa, na kazi ile haikuenea. Si haki kumtupia yeye lawama zote: Klein alimpinga, Vienna ilikuwa imetikiswa na mapinduzi ya 1848, na ilikuwa bado haijathibitishwa kwamba vijidudu huleta magonjwa. Lakini kalamu alikuwa nayo, na hakuitumia mapema. Habari za ugunduzi huo ziliandikwa kwanza na mwenzake, Ferdinand von Hebra, mwishoni mwa 1847. Yeye aliondoka Vienna ghafla mwaka 1850, akiwaacha hata waliomuunga mkono, na kitabu chake kilitoka mwaka 1861. Wapinzani walipokikosoa, aliwaandikia barua za wazi akiwaita wauaji. Maprofesa ambao angewahitaji wabebe jambo lake hadi kwenye vyuo vyao hawakuwa na namna ya kulikubali bila kukiri kuua. Aliaga dunia mwaka 1865 katika hospitali ya wagonjwa wa akili, na wazazi waliendelea kufa kwa miaka mingi.

Karibu na nyumbani tunao mfano uliokwenda vizuri, na kila anayelipia semina ya siku moja aujue. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara, mwaka 2010 ilitoa mafunzo ya siku moja kwa wahudumu ya kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua. Wakipimwa kwa mwanasesere, walikuwa wameiva. Wodini, kwa watoto halisi, huduma haikubadilika. Ndipo yakaanzishwa mazoezi mafupi ya dakika chache, ya mara kwa mara, hapohapo kazini, yakisimamiwa na wafanyakazi wenzao. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kuwa vifo ndani ya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Kilichosukuma mabadiliko hayo ni mtu wa zamu anayemwambia mwenzake "njoo tufanye tena" kabla ya kazi kuanza. Ushawishi wa katikati hauelekei juu tu. Sehemu kubwa inakwenda pembeni.

Sasa ya kufanya, kwa haraka, kwa sababu si magumu. Kabla hujapanda kwa bosi, pita kwa wanaoguswa: famasia, maabara, mhasibu. Jambo lililokwisha kukubaliwa na watatu haliitwi tena lako. Andika ukurasa mmoja wenye ombi moja. Jua kalenda: mwaka wa fedha unaanza 1 Julai, kwa hiyo ombi la Juni limechelewa; lipeleke wakati mpango na ukomo wa bajeti vinajadiliwa. Jambo kubwa likitisha, omba jaribio la wodi moja kwa miezi mitatu, na sema mapema utapima nini. Ukikataliwa, uliza kwa heshima kama kizuizi ni fedha, hatari au muda, kwa kuwa kila kimoja kina dawa yake, kisha rudi. Likifanikiwa, bosi alitaje kwenye ripoti yake kwa jina lake, wewe usinung'unike. Usimruke bosi, isipokuwa maisha ya watu yako hatarini na umeshamwandikia. Mamlaka uliyonayo tayari, ya kupanga zamu, kufundisha, kuweka utaratibu wa kukabidhiana, itumie yote kabla ya kulalamika kwamba huna cheo. Wengi wanaosubiri cheo hawajamaliza nusu ya waliyopewa. Na kama bosi wako anaiba, hilo si suala la ushawishi. Piga TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, namba ya bure 113.

Idara za utumishi zinazolipia semina za asilimia 93, nawaombeni jambo moja. Kabla ya kusaini malipo yajayo, mwambieni mtoa mada awaletee utafiti wenyewe, ausome mbele yenu, awaonyeshe ni wapi unazungumzia kazi. Hatapapata. Fedha hiyo pelekeni kwenye mazoezi ya zamu, na muda uliobaki wakalisheni wakuu wa wodi na wakuu wa vitengo wafundishwe kuandika dokezo.